Kiungo Hakipulizwi

Nyumbani kwetu Magomeni, mtoto akibanwa na kifua kuna utaratibu wake. Kwanza anakalishwa wima, mgongo kwenye mito miwili. Pili anavuta dawa ya kopo, ile ya kubonyeza, kwa hesabu aliyotupa daktari. Tatu, dawa ikishaanza kufanya kazi, mama yake anamwekea mkono kifuani, anasoma anachosoma, na akimaliza anampulizia taratibu kutoka kooni mpaka chini ya mbavu. Mambo mawili ya kwanza tulifundishwa hospitali. La tatu tulilikuta kwa wazazi wetu, nao walilitoa kwao Lindi, na mtoto mwenyewe ndilo analolipenda kuliko yote.

Jioni moja mama yake alikuwa msibani Ilala, kifua kikabana, nikabaki mimi. Nilifuata kila hatua. Mito, dawa, mkono, kisomo. Nilipoinama kumpulizia, binti yangu, miaka sita wakati huo, alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akageuza uso ukutani. Alipotulia aliniambia bila hasira yoyote, kama mteja anayempa fundi maelekezo, "Baba, kusoma soma wewe. Kupuliza tumsubiri mama."

Sijui kama kuna mzazi aliyewahi kufukuzwa kwa adabu kiasi kile. Nilitoka nje barazani, nikakaa, na mkono wangu wenyewe ukaenda mfukoni kutafuta sigara. Niliivuta nikiwa nalia, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa nimevuta kwa miaka kumi na tisa. Mbinu za kuficha nilizijua zote: pipi za mnanaa, karafuu mdomoni, vidole kusuguliwa na limau, shati kuanikwa juani. Hospitali tulipoulizwa nani anavuta nyumbani, nilijibu upesi kwamba ni mimi lakini navutia nje. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliniangalia juu ya miwani, akauliza, "Na shati unaliacha huko huko nje?" Mke wangu alicheka kicheko cha mtu aliyepata shahidi.

Kuacha nilijaribu. Niliacha Ramadhani, nikarudi Idi. Niliacha Jumatatu kadhaa. Tatizo ni kwamba nina hasira za karibu. Marehemu mama alisema nilizaliwa kiberiti kikiwa kimeshawashwa. Nikikosa sigara siku mbili narusha bisibisi, nagombana na wateja, namkaripia hata paka. Mara ya mwisho ni mke wangu mwenyewe aliyenifungulia mlango. "Nenda kavute," alisema, "urudi ukiwa mtu." Alisema kwa kuchoka tu. Lakini niliona kwamba nyumba yangu inachagua kati ya moshi na matusi, na hakuna aliyestahili kuchagua hivyo.

Jambo jingine lililonifunga lilikuwa kazi. Mimi ni fundi. Meza yangu iko Kariakoo, kwenye baraza la duka la sonara, na natengeneza redio, spika, chaja na chochote chenye waya ndani. Kulehemu nilifundishwa Ilala na fundi mmoja mnene aliyekuwa na wanafunzi wengi na subira kidogo. Somo lake lilikuwa maneno manne, tukiyaimba kama watoto wa chekechea: gusa, yeyusha, toa, puliza. Unagusa kiungo kwa chuma cha moto, unayeyusha risasi ya kuungia juu yake, unaondoa chuma, halafu unapuliza ipoe upesi, maana mteja amesimama na ana haraka. Ukipita Kariakoo leo ukaona fundi ameinamia ubao wa redio mashavu yamemjaa hewa, ujue alifundishwa na yule bwana au na mmoja wa wanafunzi wake.

Sigara iliingia hapo hapo kwenye kupuliza. Unavuta risasi ikiyeyuka, unatoa moshi ikiganda. Moshi ndio ulikuwa feni yangu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulehemu waya hata mmoja bila sigara mdomoni au sikioni, na nikiacha sigara mikono ilikuwa haijui ianze wapi.

Basi siku moja akaja mteja, mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka China, na kijisanduku cha mbao kinachoenea kiganjani.

"Mambo, fundi?"

"Poa. Nini hicho?"

"Vepu. Nilitengenezewa na mshkaji. Imezima ghafla."

Vepu, yaani sigara za umeme, nilizijua kwa sura, zile za kiwandani zenye rangi kama pipi, vijana wanazining'iniza shingoni. Ya kutengeneza mtu kwa mikono yake sikuwa nimeiona. Niliifungua. Ndani hamkuwa na maajabu: betri moja, swichi, nyaya mbili, na juu kabisa soketi ndogo ya shaba, upana wake haufiki ukucha wa kidole gumba. Kwenye soketi hiyo ndipo kinapofungwa kichwa, chenye kiwaya cha joto, pamba na majimaji yanayogeuka mvuke. Waya mmoja ulikuwa umeachia. Niliurudisha kwa dakika mbili, gusa yeyusha toa puliza, kikawaka.

"Hiki ndicho kimeniachisha fegi, bro," alisema. "Mwezi wa nne huu."

Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Mwishowe alitoa mfukoni kijipakiti cha soketi tano za akiba na kichwa kimoja, akanisukumia mezani. "Jitengenezee. Wewe si fundi?"

Hapo alinipata. Dawa ya kununua ningeiacha kabatini, lakini kitu cha kutengeneza mwenyewe kisingeniacha nilale. Nilichonga kisanduku kutoka kwenye ubao wa spika mbovu, nikakipiga msasa, nikakipaka mafuta ya nazi. Betri nilinunua mpya. Nilirudi hospitali peke yangu kumuuliza yule daktari, na hakunipamba. "Mvuke nao si hewa, kaka. Usiuvute nyumbani, usiuvute karibu na mtoto. Kama utakutoa kwenye sigara, ufanye daraja. Watu hawajengi nyumba juu ya daraja." Nikamwambia nimeelewa.

Kisanduku cha kwanza kilifanya kazi siku moja na nusu. Siku hiyo na nusu sikugusa sigara, na nilijiona bingwa. Halafu nilipokuwa nazungusha kichwa kukifungua ili niongeze majimaji, waya mwekundu ukatoka kwenye pini ya katikati kama uzi wa kitufe. Nikalehemu upya. Kesho yake ukatoka tena. Nikalehemu, ukatoka. Kila ulipotoka nilikuwa na sababu: muuza sigara yuko hatua kumi tu kutoka mezani kwangu, na kifaa kimekufa, sasa nifanyeje? Namshukuru Mungu binti yangu hakuwa ananiona, maana nilikuwa nafurahi kidogo kila waya ulipokatika.

Nikaamua kwamba kosa ni moto mdogo. Niliweka chuma kwenye ile pini muda mrefu, risasi ikajaa kilima kizima, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Nisichokiona ni kwamba kati ya ile pini na ukuta wa soketi kuna kipete cheupe cha plastiki, na kazi yake ni moja tu, kuzuia chanya isikutane na hasi. Joto langu lilikuwa limekilainisha. Pini ikainama kidogo, kama mtu anayesinzia, ikasubiri.

Ilisubiri mpaka nikafika Mnazi Mmoja. Nilikuwa nakatiza uwanja kwa miguu kwenda mjini kuchukua vipuri, kisanduku mfukoni, nikahisi paja linachomwa. Nilidhani nyuki. Joto likaongezeka mpaka nikaruka, nikakitoa na kukitupa kwenye majani, kikafuka moshi. Mama muuza karanga alibeba beseni lake akakimbia bila kuuliza. Wanaume wawili waliokuwa wamelala kivulini waliamka wakiwa wameshasimama. "Wee, umetupa nini?" mmoja akafoka. Nilisema ni redio. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Betri ilipopoa niliiokota, nikaondoka nikichechemea, nikanunua sigara mbili. Nilizivuta zote kabla ya kufika Kariakoo.

Nyumbani mke wangu alinipaka dawa kwenye paja. Binti yangu alisogea kuangalia. Kidonda kilikuwa duara jekundu, ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Umeungua?"

"Nimeungua."

"Umepulizwa?"

Nikamwambia bado. Kwetu mtoto akiungua anapulizwa, kila mtu anajua. Akapiga magoti, akasogeza uso karibu, kisha akasita. Harufu ilikuwa imemfikia. Sikuwa nimeosha hata mikono. Akafikiri kidogo. Halafu akajiziba pua kwa vidole viwili, akanipuliza hivyo hivyo, mara tatu, akaondoka kwenda kucheza.

Nilikaa pale na suruali yangu imekunjwa mpaka pajani, mtu mzima mwenye ndevu, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa nashindwa kuacha kitu kimoja kwa ajili yake. Yeye alikuwa ameziba pua ili anihudumie.

Asubuhi yake nilifika kazini mapema, nikatandaza soketi nne zilizobaki. Mama sonara, mwenye duka ninalokalia baraza lake, alikuwa ndani anapanga bangili kwenye kioo. Ukoo wao ni Waarabu waliokaa Kariakoo tangu babu zao, na ufundi aliurithi kwa baba yake aliyekuwa hana mtoto wa kiume. Ni mwanamke wa miaka sitini hivi, mdogo wa umbo, na hasemi sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Paja vipi?"

Sikuuliza alijuaje. Kariakoo habari zinafika kabla ya mwenye nazo. Alitoka na kigoda chake, akakaa upande wa pili wa meza, akaniambia, "Hebu unga moja nikuone."

Nilifanya nilivyofundishwa. Gusa. Yeyusha. Toa. Nilipojaza mashavu na kuanza kupuliza tu, akapiga meza kwa kiganja.

"Unapuliza nini? Uji huo?"

Kiberiti kikawaka. Nikamwambia mama, nakuheshimu, lakini hii kazi nimeifanya miaka kumi na tisa, hapa Kariakoo nzima hakuna fundi asiyepuliza, na dhahabu ni dhahabu na waya ni waya. Nadhani nilisema na mengine. Aliniacha nikamaliza.

"Mswalie Mtume," alisema.

Ukiambiwa hivyo hubishani. Nikamswalia.

"Tena."

Nikamswalia tena.

"Tena."

Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imeshashuka. "Unga nyingine sasa," alisema. "Ukitoa chuma, mikono iweke juu ya meza. Usiguse, usipulize. Mswalie Mtume mara tatu, kama ulivyofanya sasa hivi. Ndiyo muda wake huo. Baba yangu alinifundisha hivyo maana nami nilikuwa mkali."

Nikaunga ya pili. Mikono mezani. Kusubiri kule kulikuwa kugumu kuliko kulehemu kwenyewe. Midomo ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya. Mbele ya macho yangu risasi iliganda yenyewe, kutoka pembeni kwenda katikati, ikabaki inang'aa. Ile niliyoipuliza, japo kwa nusu pumzi, ilikuwa ya kijivu na chengachenga. Mama sonara alishika waya wa kwanza kwa vidole viwili, akavuta; ukatoka. Akashika wa pili, akanyanyua. Soketi ikapanda nao hewani, ikaning'inia.

"Ukipuliza, juu kunaganda na ndani bado kunatembea," alisema. "Kinaonekana kimeshika. Hakijashika."

Niliwaza redio zote zilizowahi kurudi mezani kwangu baada ya mwezi, nami nikiwaambia wenyewe ni umeme wa mtaani. Redio hukaa rafuni imetulia, kiungo kibovu kinaweza kujificha humo miaka. Kifaa ambacho kichwa chake kinazungushwa kila siku hakikunificha kitu. Tulikuwa tumerithi kosa, kizazi kizima cha mafundi, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa anamwogopa mteja aliyesimama.

Kuhusu kile kipete cha plastiki alinieleza jambo jingine. Wao wakitengeneza pete yenye jiwe, jiwe wanalichomeka ndani ya kiazi kibichi, upande wa dhahabu tu ndio unabaki nje, ili kiazi kibebe joto lisilifikie jiwe. "Kinachoogopa moto kipe mwenzake wa kumsaidia," alisema, akarudi kwenye bangili zake. Kiazi hakikuingia kwenye soketi, lakini nilikuwa na kichwa kimoja kilichoungua. Nilikifunga upande wa juu kabla ya kulehemu, kikaishika pini isiiname na kikalinywa joto lote. Nikanunua kichwa na betri mpya, nikaweka na fyuzi, maana paja la pili nilikuwa bado nalihitaji.

Kisanduku hicho hakikukatika tena. Na kilipoacha kukatika, kisingizio nacho kiliisha. Muuza sigara aliniita siku mbili tatu, akaniuliza kama nimehama mtaa wakati ananiona.

Sitasema ilikuwa rahisi. Mvuke haukati kiu sawasawa, na wiki za kwanza nilikuwa natetemeka mikono mpaka nikashindwa kushika nyaya nyembamba. Lakini nilikuwa nimepata cha kufanya. Hamu ikipanda naweka viganja viwili mezani, namswalia Mtume mara tatu, nasubiri. Mara nyingi ilipita. Isipopita navuta kisanduku, palepale kazini, na jioni nakiacha kwenye droo ya meza na ufunguo anakaa nao mama sonara. Majimaji nilianza kununua yenye nikotini pungufu, kisha pungufu zaidi, mwishowe yasiyo nayo kabisa, na kuvuta mvuke mtupu nikaona ni kazi ya mjinga. Ikafika wakati ufunguo ukabaki kwa mama sonara wiki nzima bila mimi kuukumbuka. Aliponirudishia alisema tu, "Droo yako ina nafasi ya vipuri sasa."

Mafundi wenzangu niliwaambia habari ya kupuliza. Wawili wamebadilika. Mmoja amesema nimerogwa na sonara.

Nyumbani sikutangaza kitu. Mke wangu aliona mwenyewe. Alianza kufua mashati yangu pamoja na nguo za mtoto, bila kuyatenga kama zamani. Mtoto sikumwomba chochote. Nilikuwa nimejifunza kwamba kitu kinachoganda hakiharakishwi, na niliogopa pia, nisiwafiche, kwamba ataniambia bado.

Kisha jirani akachoma takataka uani, baada ya alasiri, na upepo ukaleta moshi wote kwetu. Nilikuwa ndio kwanza nimeingia kutoka kazini. Kifua kilimbana binti yangu palepale. Mama yake akapanga mito, mimi nikashika kopo la dawa, akavuta. Tukasubiri. Mama yake akaweka mkono, akasoma. Mimi nilisimama mlangoni, mahali pangu pa siku zote.

Mtoto alinyoosha mkono wake, akaniita kwa vidole. Nikasogea. Akashika kiganja changu, akakileta puani, akanusa kila kidole kimoja kimoja kwa utulivu wa mnunuzi wa samaki. Ana miaka saba sasa, na hapokei bidhaa bila kuikagua.

"Unanuka redio," alisema kwa sauti ya kukwama.

"Ndiyo kazi yangu."

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Mama kashasoma," alisema. "Baba apulize."

Mke wangu aliondoa mkono, akanipisha. Nilipiga magoti palepale kitandani. Pumzi yangu mwenyewe ilinitisha, nikaizuia kidogo, nikamswalia Mtume kimoyomoyo mara tatu. Kisha nikapuliza, taratibu, kutoka kooni mpaka chini ya mbavu.

Hakukohoa. Alifumba macho, akajilaza vizuri kwenye mito, akasema, "Tena."